Tisa, Nane, Saba: Namna Nilivyomjulisha Mjomba kwa Bendi ya Tool

Kila mpenzi wa muziki ana bendi moja ambayo hawezi kuisifu bila kuiharibia. Akiulizwa kwa nini anaipenda, huanza kwa kusema kidogo, kisha maneno yakamzidi, na akimtazama usoni aliyemuuliza huona kuwa mwenziwe amekwisha kuondoka zamani, kimebaki kiwiliwili tu. Bendi yangu ya namna hiyo ni Tool. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyojaribu kumjulisha mjomba wangu kwa bendi hiyo, yeye akiwa mshairi wa vina na mizani asiyesikiliza kitu kikali kuliko taarabu. Jinsi nilivyokosea usiku wa kwanza, na jinsi alivyoingia mwenyewe kwa mlango ambao sikuudhania.

Kwa asiyeijua, Tool ni bendi iliyoundwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1990. Maynard James Keenan huimba, Adam Jones hupiga gitaa, Danny Carey hupiga ngoma, na Justin Chancellor, Mwingereza aliyejiunga nao mwaka 1995 kuchukua nafasi ya Paul D'Amour, hupiga gitaa la besi. Muziki wao ni ule wa roki nzito uitwao metali, na ndani ya metali huwekwa katika tawi la progresivu. Watu wa tawi hili hawatosheki na mapigo manne yanayojirudia; hutunga nyimbo za dakika 9 au 11 zenye kupanda, kushuka, kunyamaza na kurejea. Tool nao hawana haraka. Kati ya albamu yao ya 10,000 Days ya mwaka 2006 na ile ya Fear Inoculum ya mwaka 2019 ilipita miaka 13. Mshairi aliyewahi kukaa na ubeti mmoja mwaka mzima atawaelewa.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkaazi wa Tanga. Katika rafu yake, kitabu kilichochakaa kuliko vyote ni Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi, chapa ya mwaka 1954. Yeye ndiye aliyenifunza mizani nikiwa na umri wa miaka 9, kwa kugonga meza kwa ncha ya kidole: kila silabi, gongo moja. Nilipofika chuoni nikakutana na Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, nikayapenda mashairi huru, nikaandika daftari zima la mashairi ya namna hiyo na kumpelekea. Alikaa nalo mwezi mmoja, kisha akalirudisha bila kutia alama hata moja ya kalamu. Alisema, "Maneno mazuri, mwanangu, lakini sijui pa kuyashika." Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza mambo yote ya dunia isipokuwa ushairi.

Kisha mkaza mjomba akapatwa na kiharusi. Alilala kitandani miaka mingi, upande mmoja wa mwili umekufa na maneno yamempotea, na mjomba ndiye aliyemlisha, akamgeuza na kumwosha. Alipofariki, mjomba aliacha kutunga. Hakumwambia mtu. Sisi wa nyumbani tulilitambua hilo Idi ilipofika bila zile beti alizokuwa akitutumia kila mwaka, na Idi iliyofuata vilevile.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipokwenda kukaa kwake wiki moja. Usiku wa kwanza tulikuwa barazani, mimi na hedifoni zangu, yeye na kikombe chake cha kahawa. Akaniuliza kwa adabu tu, kama mtu anavyomuuliza mgeni habari za safari, kwamba nasikiliza nini. Moyo ukaniruka. Badala ya kufikiri, nikamvisha hedifoni na kumchagulia wimbo nilioupenda sana siku zile: Ticks & Leeches, kutoka katika albamu ya Lateralus ya mwaka 2001. Anayeujua wimbo huo amekwisha kucheka. Ni wimbo ambao Keenan anapiga mayowe ya kupasua koo.

Mjomba alivumilia chini ya dakika moja. Akavua hedifoni polepole, akaziweka juu ya meza.

"Kijana huyu anaumwa?"

"Hapana, mjomba. Anawasema wanyonyaji. Jina la wimbo ni kupe na ruba."

"Kupe! Hao tuliwatungia sisi baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967. Wala hapana aliyepasuka koo."

Tulicheka sote. Lakini nilipokuwa nikizikunja nyaya za hedifoni niliona uzito uleule wa siku niliporudishiwa daftari. Nilifahamu pia kwamba safari hii kosa lilikuwa langu. Tunapomjulisha mtu kwa kitu tunachokipenda, mara nyingi humpa kile tunachokipenda sisi sasa hivi, baada ya miaka ya kukizoea, tukasahau kwamba nasi tulifika hapo hatua kwa hatua. Mimi mwenyewe, nilipousikia wimbo ule kwa mara ya kwanza, nilizima redio.

Usiku wa pili sikuthubutu kumpa kitu. Nilijikalia na muziki wangu, na bila kujua nikawa nagonga vidole juu ya mkono wa kiti. Mjomba alinitazama kwa muda.

"Wahesabu nini?"

Nikavua hedifoni. "Silabi, mjomba."

"Mizani?"

Neno lile sikulitarajia. Nikachukua kipande cha karatasi nikamwandikia tarakimu peke yake: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 5, 3. Nikamwambia kuwa huo ni wimbo wa Lateralus, uliobeba jina la albamu, na kwamba mwimbaji ameyapanga maneno yake kwa hesabu hiyo: silabi moja, kisha moja, kisha mbili, kisha tatu, hadi nane, ndipo aanze kushuka. Nikamwonya kuwa kabla ya sauti ya mtu kuna zaidi ya dakika moja ya magitaa, avumilie.

Akazivaa. Alifumba macho, kidole chake cha shahada kimeinuka juu ya mkono wa kiti, kama enzi zile za meza ya nyumbani kwetu. Magitaa yakapita, naye hakutikisika. Kisha nikaona kidole kinashuka: gongo moja, kimya, gongo moja, kimya, mawili. Kilipofika kwenye mshororo wa silabi nane, akafumbua macho.

"Nane!" alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wenye hedifoni masikioni. Aliitamka kama mtu aliyekutana na jirani yake katika soko la ugenini.

Katika awamu ya pili sauti inashuka hadi moja, inapanda tena hadi nane, na safari hii haiishii hapo. Inaruka hadi silabi 13, kisha inateremka 8, 5, 3. Mjomba aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu akaichukua karatasi, akaandika 13 mbele ya 8, akakaa kitako na kusema, "Kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia." Sikuwa nimemwambia.

Nikamweleza kwamba Ulaya msururu huu hupewa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, Mwitaliano aliyeandika kitabu cha Liber Abaci mwaka 1202, na ambaye utotoni alifunzwa hesabu katika mji wa Bugia, pwani ya Algeria ya leo. Lakini kabla yake wataalamu wa arudhi wa Bara Hindi walikuwa wamekwisha kuufikia, na walioufikisha huko ni washairi. Katika ushairi wa Kisanskriti, silabi fupi huhesabiwa pigo moja na ndefu mapigo mawili. Wataalamu wale walijiuliza: mshororo wenye mapigo kadha wa kadha unaweza kujazwa kwa njia ngapi? Wa pigo 1 una njia 1. Wa mapigo 2 una njia 2. Wa 3 una njia 3. Mjomba alijaribu mwenyewe ule wa mapigo 4, akichora vistari vifupi na virefu pembeni mwa karatasi, akapata njia 5. Nikamwambia kuwa wa mapigo 5 una njia 8, na kwamba mtaalamu aitwaye Hemachandra aliiandika kanuni hiyo yapata mwaka 1150, zaidi ya miaka 50 kabla ya kitabu cha yule Mwitaliano.

"Kumbe ni mali ya washairi," akasema. Akairudisha karatasi kwangu, kisha akabadili nia akaitia katika mfuko wa shati.

Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia kuwa bado kuna hesabu nyingine ndani ya wimbo uleule, safari hii katika mapigo ya ngoma. Kwenye kiitikio, mapigo hayakai mahali pamoja: mzunguko wa kwanza ni wa mapigo 9, wa pili 8, wa tatu 7, kisha huanza upya. Jina la awali la wimbo lilikuwa 9-8-7, na baadaye ndipo wanabendi walipogundua kuwa 987 nayo imo katika msururu wa Fibonacci. Mjomba alisikiliza, akapotea. Akarudia, akapotea tena mahali palepale, pale mapigo saba yanapokwisha kabla mwili haujawa tayari.

"Nyumba hii imejengwa upogo," alisema. Akanyamaza, midomo ikisema kitu bila sauti. "Tisa na nane, kumi na saba. Na saba, ishirini na nne." Akanigeukia. "Ishirini na nne ni nane mara tatu!"

Nimeusikiliza wimbo huo zaidi ya miaka kumi, nimesoma mengi yaliyoandikwa juu yake, na jambo hilo halikupata kunipitikia. Mjomba alinieleza kama mwalimu aelezavyo ubaoni: hiki ni kitu chenye vipande vitatu, kama mshororo wa ukawafi. Ukwapi ungekuwa wa mizani nane, utao nane, mwandamo nane. Mtungaji amechukua mizani moja kutoka katika mwandamo na kuitia katika ukwapi. Jumla haikuguswa. Ndiyo maana msikilizaji hupepesuka njiani na kila mara akajikuta amefika nyumbani.

"Huyu hakuvunja sheria," alisema. "Amehamisha tofali moja." Kisha, akitazama kahawa yake iliyopoa, akauliza, "Lile daftari lako bado unalo?"

Nikasema liko Dar es Salaam, kabatini. Hakuongeza neno.

Usiku wa tatu yeye ndiye aliyekuja barazani kabla yangu. Nilidhani atataka hesabu nyingine, na nilikuwa nimekwisha kumwandalia Schism, wimbo unaokwenda kwa mapigo matano na saba. Lakini swali lake lilikuwa jingine: "Hesabu nimeiona. Mtu huyu ana nini moyoni?"

Hapo nilisita. Jibu nililijua, lakini nililiogopa, kwa sababu lilielekea moja kwa moja katika chumba cha nyumba ile ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa. Mwishowe nikamwambia.

Mama yake Keenan aliitwa Judith Marie. Mwaka 1976, mwanawe akiwa bado mtoto, alipatwa na kiharusi kilichomwacha amepooza. Aliishi katika hali hiyo hadi alipofariki mwaka 2003, miaka 27, na muda wote huo alishikamana na imani yake ya Kikristo. Mwana hakuielewa imani ile. Mwaka 2000, akiwa na bendi yake nyingine ya A Perfect Circle, alitoa wimbo wenye jina la mama yake, uliojaa hasira kwamba mtu aliyeteswa hivyo bado anaendelea kushukuru. Mama alipokwisha kuondoka, akamtungia wimbo wa pili wenye sehemu mbili, Wings for Marie na 10,000 Days, zinazochukua jumla ya dakika zipatazo 17. Humo hasira imegeuka. Mwana anasimama upande wa mama, anadai apewe haki yake huko aendako, na anakiri kwamba aliyekuwa na nguvu kati yao wawili ni yule asiyeweza kuinuka. Siku elfu kumi ndiyo miaka ile ya kitandani.

Mjomba alinyosha mkono, nikampa hedifoni.

Wimbo huo huanza kwa upole. Besi inakwenda kama mtu anayetembea ndani ya nyumba ya mgonjwa usiku, asitake kumwamsha. Katika sehemu ya pili husikika mvua na radi, na sauti hukaa chini kwa muda mrefu sana kabla ya kupanda. Mjomba hakugonga kidole hata mara moja. Dakika zote zile alikaa mikono imelala mapajani, nami nikawa natazama barabarani ili nisimtazame yeye.

Ulipokwisha, akavua hedifoni, akazishika mkononi.

"Miaka 27 si siku elfu kumi," alisema baada ya kitambo. "Ni elfu tisa, mia nane na sitini na moja hivi. Amefanya mazida."

Nikatabasamu. Nilidhani amerudi kwenye hesabu ili kujificha.

"Zangu zilikuwa elfu nne, mia moja na sita," akasema.

Sikuwa najua kwamba alizihesabu. Hakuna kati yetu aliyejua. Miaka 11 na miezi mitatu hivi, siku baada ya siku, na mtu aliyetufunza sote kuhesabu silabi alikuwa na hesabu nyingine asiyomwambia mtu.

"Mwana Kupona," akaendelea, "alikuwa mama mgonjwa anayesema na binti yake. Huyu ni mwana anayesema na mama mgonjwa. Mimi mgonjwa wangu nilikuwa naye chumba kimoja siku zote hizo. Sikumwambia kitu. Nilidhani kwa kuwa yeye hawezi kujibu, basi hakuna la kusema."

Nilitaka kumwambia kwamba kumlisha na kumwosha mtu miaka kumi na moja ni kusema naye. Nafikiri ni kweli. Lakini hakuwa ameniuliza, nami nikanyamaza. Tulikaa hadi taa za jirani zilipozimwa, kisha akaenda kulala. Siku zilizobaki hatukuusikiliza muziki ule tena, na niliondoka nikiwa na wasiwasi kwamba nimemtonesha kidonda kwa ajili ya kutaka kupata mshirika katika mapenzi yangu.

Tangu hapo nimeulizwa na wenzangu wawili watatu wapenda mashairi waanzie wapi wakitaka kuisikiliza Tool. Nawajibu hivi: anzeni na Lateralus, mkiwa na kalamu. Msiogope kelele za mwanzo. Tafuteni silabi, zishikeni, nazo zitawavusha. Halafu sikilizeni Schism, mwone jinsi tano na saba zinavyoweza kuwa mwendo mmoja wakati maneno yanawaeleza watu walioacha kusikilizana. Siku Elfu Kumi iacheni hadi mpate usiku usio na shughuli, na kama mna msiba ambao hamjausema, jueni mnakoingia. Kupe na ruba waacheni hadi mwishoni kabisa. Mjomba hadi leo anasema kupe wake akae nao mwenyewe.

Wiki tatu baada ya kurudi Dar es Salaam, simu yangu ililia. Mjomba alinitumia picha ya karatasi, ileile ya tarakimu, ikiwa na mikunjo ya mfuko wa shati. Chini ya hesabu zetu alikuwa ameandika maneno kwa mwandiko wake wa ubaoni. Juu yake kulikuwa na malalamiko mafupi: Kiingereza kina bahati, kina maneno ya silabi moja tele, Mswahili anayetaka kuanza na moja na moja hana pa kuanzia ila je, na, ni, la na si. Kisha yakafuata haya, ambayo ameniruhusu kuyaweka hapa bila jina lake:

Je,
ni
wewe,
mwandani?
Wanikumbusha
kukunywesha kwa kijiko
kila jioni,
kimya tu.

Nilihesabu. Moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, tano, tatu. Hakuna mpango wa vina, na mtungaji ni mtu ambaye maisha yake yote hakupata kuandika mshororo usio na kina.

Nikampigia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, nikamwambia nimeliona shairi lake.

"Hilo si shairi," alisema. Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. "Lakini lina pa kushika."

Daftari langu nimekwisha kulitoa kabatini. Idi hii nitakwenda nalo Tanga.